Betri haijafa, ina njaa: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye sola ya nyumbani

Mzee alifika asubuhi na betri ya N100 imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hili limekufa. Nitafutie jingine, hela ninayo, nimeuza mahindi." Nikaweka mita: volti 11.6. Nikamwomba anipe siku mbili. Niliichaji kwenye paneli zangu, nikaiacha ilale usiku mzima bila kazi, na asubuhi ya siku ya tatu ikasoma 12.6. Tukaipakia tena tukaenda nayo kwake. Paneli yake ilikuwa juu ya bati palepale fundi alipoifunga miaka mitatu nyuma. Lakini mwarobaini uliokuwa ukimfika mzee kifuani wakati ule sasa umepita paa, na kuanzia saa sita na nusu mchana kivuli chake kinailalia paneli. Tulikata matawi mawili. Betri ile mpaka leo inawasha taa zake.

Huku kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, kwenye nyumba zilizo mbali na nguzo, naona watu wakitoa hela ya mavuno kununua betri mpya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, huku tatizo lenyewe limebaki juu ya paa au ndani ya waya. Betri ndiyo inayoonyesha ugonjwa, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Mimi mwenyewe niliua mbili ndani ya miezi 14 kabla sijajifunza kupima, na uchungu wa hela ile ndio unaonifanya niandike.

Anza na multimita. Ile ya kidijitali ya bei ya chini kabisa inatosha, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Jifunze kupima volti za DC (umeme wa betri na paneli), kupima ampea kwa tundu la ampea 10, na kuangalia kama waya umekatika kwa ile alama inayolia. Shika na mambo mawili ya usalama. Mita ikiwa kwenye ampea usiiguse kwenye vichwa vya betri hata kidogo, utaiunguza na unaweza kuungua mkono. Na kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, betri hufungwa kwanza, paneli baadaye; ukitoa, paneli hutangulia kutoka.

Taa zinazima saa tatu usiku, na mchana jua lilikuwa kali

Hili ndilo lalamiko ninalosikia kuliko mengine yote, na ndilo lenye sababu nyingi. Pima betri mara mbili. Kwanza saa kumi na mbili asubuhi, jua halijaipata paneli, umezima kila kitu usiku kucha. Betri ya maji au betri kavu ya volti 12 ikiwa imejaa husoma kama 12.7, kwenye 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na 11.8 ni tupu. Halafu pima saa sita au saa saba mchana inapochajiwa. Kama jua ni kali na betri inaelekea kujaa, utaona volti zikipanda hadi 14.2 au 14.4, kisha baadaye kontrola inazishusha hadi karibu 13.6.

Sasa linganisha. Ikiwa mchana volti hazifiki hata 13.5 siku nzima, betri haishibi. Hapo acha kuitazama betri, panda juu kwa paneli. Ikiwa mchana inaruka hadi 14.4 kabla ya saa tatu asubuhi, kontrola inasema imejaa, na usiku inaanguka ndani ya saa moja, hapo ndipo betri inashukiwa kweli. Betri iliyokufa hujaa haraka na kuisha haraka, kama kikombe kilichojaa mchanga: maji yanafika ukingoni upesi kwa sababu nafasi haipo. Mchanga wenyewe ni chembe za salfeti zilizogandia kwenye sahani za risasi, na hugandia hasa betri inapoachwa tupu siku nyingi. Kwa maneno mengine, vifo vingi vya betri vilianza kama njaa.

Ukitaka uhakika, ichaji mpaka ijae, uiache saa kadhaa, kisha ifungie balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55. Balbu hiyo inakula karibu ampea 4.6. Betri ya ampea 100 (yaani ampea-saa 100, kama ile N100) yenye afya itaiwasha saa tano na bado itasoma juu ya volti 12. Ikishuka chini ya 11.5 ndani ya saa moja au mbili, imekwisha. Kwa betri ya maji, haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, inakwenda mbali zaidi: seli zote sita zinapaswa kusoma karibu 1.265 hadi 1.28 ikiwa imejaa, na seli moja ikipungukiwa na wenzake kwa 0.05 au zaidi, hiyo moja inaiangusha betri nzima.

Tuseme betri ni nzima ila ina njaa. Chukua kalamu. Nyumba ya kawaida huku ina taa sita za wati 5 zinazowaka saa tano: wati-saa 150. Runinga ya wati 40 kwa saa nne: 160. King'amuzi cha wati 12 kwa saa nne: 48. Simu nne: kama 40. Jumla inakaribia 400. Betri za risasi hazirudishi chote unachozipa, kwa hiyo paneli inatakiwa kuleta kama 500. Paneli ya wati 100 kwenye kontrola ya kawaida inatoa karibu ampea 5.5 kwenye jua kali, na kwa saa tano za jua kamili hiyo ni wati-saa 350 hivi. Huoni pengo? Kila siku betri inalala na upungufu, na baada ya siku kadhaa taa zinazima.

Bado hatujahesabu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Wengi wanaiacha imewashwa mchana na usiku kwa sababu haionekani kufanya kazi. Inveta ya bei nafuu, bila kuwasha chochote, inaweza kula wati 15. Zidisha kwa saa 24: wati-saa 360. Hiyo ni karibu sawa na taa, runinga, king'amuzi na simu zote kwa pamoja! Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: zima inveta kwa swichi yake kila unapomaliza kuangalia runinga, na taa zifungwe za volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye kontrola, zisipitie inveta. Simu nazo zichajiwe mchana, jua likiwepo.

Dawa ya pili ni paneli ya kuongeza. Watu wengi hufanya kinyume, wanaongeza betri. Ukinunua sufuria kubwa na unga ukabaki uleule, ugali hauongezeki. Betri ya ampea 200 juu ya paneli ya wati 100 itakaa na njaa zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu haitawahi kujaa, na itakufa mapema ikiwa na bei mara mbili. Mimi kwa betri ya risasi ya ampea 100 nafunga paneli za wati 200 au zaidi kidogo, ili hata siku za mawingu za Januari na Februari ipate cha kula.

Paneli ni kubwa, chaji inayoingia ni ndogo

Hapa hela nyingi inapotea kimyakimya, nitakaa kidogo.

Paneli kubwa za wati 300 na zaidi zimekuwa rahisi kwa kila wati kuliko zile ndogo, na mtu akiona bei anafurahi. Anaipeleka nyumbani, anaifunga kwenye kontrola yake ndogo ya zamani ya PWM na betri moja ya volti 12. Paneli ya wati 330 hufanya kazi kwenye volti 37 hivi na kutoa ampea 9. Kontrola ya PWM haiwezi kugeuza volti za ziada kuwa ampea. Inaiunganisha tu paneli na betri, na paneli inashuka hadi volti za betri. Ampea 9 mara volti 13 ni wati 117. Umelipia 330, unapata 117, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuambia. Zaidi ya hapo, paneli hiyo ikiwa wazi inafika volti 45 au 46, na kontrola nyingine haziruhusu kiasi hicho. Soma nyuma ya kontrola kabla ya kufunga chochote.

Paneli kama hiyo inataka kontrola ya MPPT, ambayo hushusha volti na kupandisha ampea. Tatizo ni kwamba madukani kuna maboksi mengi yaliyoandikwa MPPT kwa herufi kubwa na ndani ni PWM. Ipime kwa mkono kwanza: MPPT ya kweli ya ampea 30 ina koili na chuma cha kupooza, ni nzito, ile nyepesi kama rimoti itilie shaka. Kisha ipime kwa mita jua likiwa kali na betri ina nafasi. Pima ampea zinazotoka kwenye paneli na zile zinazoingia kwenye betri, kwa mita ya kubana waya inayosoma DC, maana za betri zinaweza kulizidi tundu la ampea 10. Kama volti za paneli zimebaki juu na ampea za betri ni nyingi kuliko za paneli, ni MPPT. Kama ampea ni sawasawa na paneli imeshuka hadi volti 13 au 14, umeuziwa jina.

Na wati zenyewe za paneli? Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza takriban asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kidogo. Nenda dukani na futi ya kupimia: paneli ya nusu mita ya mraba iliyobandikwa karatasi ya wati 200 ni uongo, hata muuzaji aape.

Kuipima paneli iliyokwisha kufungwa, ifunike kwanza kwa shuka zito ili isitoe cheche, itoe kwenye kontrola, fungia mita, kisha funua. Paneli ya wati 100 ya aina ya volti 12 inapaswa kusoma volti 19 hadi 22 ikiwa wazi. Ukipata kama 10, dayodi moja nyuma yake imeungua na nusu ya paneli haifanyi kazi. Ukipata sifuri, tafuta waya uliokatika au kiunganishi kilicholegea. Funika tena, hamisha mita kwenye ampea 10, unganisha chanya na hasi ya paneli kupitia mita, funua: saa sita mchana tarajia ampea 5 hadi 6. Fanya hivi kwa paneli moja tu yenye ampea chini ya 10 kwenye karatasi yake. Volti zikiwa nzuri na ampea ni 2, angalia uchafu na kivuli kabla ya kuilaumu.

Kivuli kina tabia ambayo watu hawaitegemei. Seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano kama shanga kwenye uzi, kwa hiyo kivuli cha tawi moja au nguzo ya antena kikiziba seli moja hakikupunguzii seli moja tu, kinaweza kukata nusu au theluthi ya paneli. Vumbi letu la Agosti na Septemba, pepo zikivuma, linakaa kama unga. Safisha kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi mapema au jioni, kwa sababu maji ya baridi juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua.

Angalia pia paneli inaelekea wapi. Kongwa iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli inatazama kaskazini, imeinama nyuzi 10 hadi 15. Huo mwinamo unasaidia na mvua kuiosha. Nimekuta paneli zinazotazama kusini kwa sababu tu upande huo wa bati ulikuwa rahisi kupanda. Mwezi Juni jua likiwa kaskazini, nyumba hizo ndizo zinazolalamika. Na usiilaze paneli juu ya bati kabisa. Acha nafasi ya kiganja kizima hewa ipite, maana paneli ikifika nyuzi joto 65 inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake.

Inveta inalia na kuzima friji inapoanza, ingawa betri imejaa

Mota ya friji inapoanza inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa nukta chache. Friji ya wati 100 inaweza kudai 500 au zaidi. Kama inveta ni ya wati 300, jibu umelipata. Lakini mara nyingi inveta ni ya kutosha na kosa liko kwenye waya.

Hii ni hesabu ninayomwonyesha kila mtu. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule unaofungia taa za nyumba, ukienda mita 10 na kurudi 10, una upinzani wa karibu omu 0.23. Ukipitisha ampea 10 tu, volti 2.3 zinapotelea njiani. Betri ina 12.5, inveta inaona 10.2, inaamini betri imekwisha, inalia na kuzima. Waya uleule ukiwa wa milimita 6 unapoteza volti 0.6. Pima mwenyewe: mzigo ukiwa umewashwa, soma volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi 0.3, fupisha waya, nenepesha waya, au kaza nati. Inveta ikae kando ya betri, isizidi mita moja na nusu, na urefu wote uliobaki uwe wa upande wa volti 230, ambako ampea ni chache.

Angalia na ule unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri. Uoshe kwa magadi na maji ya uvuguvugu, sugua hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Feni ikinguruma na mota ya friji ikipata joto lisilo la kawaida, inveta yako huenda inatoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Taa na chaja za simu zinavumilia. Friji usiihatarishe.

Harufu ya yai bovu, betri inachemka au imevimba

Zima, toa paneli, fungua madirisha, usiwashe kiberiti. Betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua. Ikipoa, pima ilikuwa inapewa volti ngapi. Zaidi ya 15 inaonyesha kontrola imeharibika au imewekwa aina ya betri isiyo yake. Betri kavu ikipewa volti za betri ya maji hukauka na kuvimba, na iliyovimba haiponi. Ya maji iongezee maji yaliyokenekwa mpaka yafunike sahani. Usiongeze asidi, na usitumie maji ya kisima, chumvi yake inaua sahani.

Plastiki ya waya ikiyeyuka au fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke fyuzi kubwa zaidi na wala usizungushie karatasi ya sigara. Fyuzi inakuambia waya ni mwembamba au mahali fulani chanya na hasi zinagusana. Kila betri iwe na fyuzi yake karibu na kichwa cha chanya. Bila hiyo, ndipo moto wa nyumba huanzia.

Betri ya lithiamu inasoma sifuri

Usiitupe. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayokata kila kitu betri ikiisha sana, na mita huona sifuri ingawa seli ziko hai. Chaja ya lithiamu au kontrola yenye uwezo wa kuiamsha huirudisha. Kumbuka pia kwamba volti hazikuelezi mengi kwa lithiamu, husimama karibu na 13.1 hadi 13.3 sehemu kubwa ya safari yake.

Watu wananiuliza kama inafaa kulipa zaidi. Napiga hesabu kwa usiku. Tuseme betri ya risasi ni shilingi 400,000. Ikifa baada ya siku 420, umelipa karibu 950 kila usiku. Ikitunzwa miaka minne, ni 274, nayo inakupa wati-saa 600 hivi usipoivusha nusu. Tuseme lithiamu ya ukubwa uleule ni 900,000 na inakaa miaka minane: 308 kwa usiku, kwa zaidi ya wati-saa 1,000. Weka bei za duka lako kwenye hesabu hiyohiyo. Lakini lithiamu juu ya paneli isiyotosha nayo itazima saa tatu usiku, kwa hiyo paneli inunuliwe kwanza.

Ikiwa kweli imekufa

Usiivunje nyumbani kutafuta risasi, wala usimwage asidi shambani. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa vumbi dogo. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa waliumia kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu jirani na nyumba zao. Iuze nzima, ikiwa na maji yake ndani, kwa duka la betri linalopokea kuukuu. Wengi wanakupunguzia bei ya mpya. Na kabla hujabeba hiyo mpya kuipeleka nyumbani, panda juu ya paa saa nane mchana uangalie kivuli kimelala wapi.